Remmy Ongala: Karama ya Mgeni

Katika sharika zetu, habari za Remmy Ongala husimuliwa kuanzia mwisho. Tunasema kwamba mwanamuziki maarufu wa dansi aliokoka, akaacha kumbi za starehe, akamwimbia Bwana hadi alipofariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Ni ushuhuda mzuri, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini tukianzia hapo, tunairuka miaka mingi ambayo mgeni huyu aliitumikia nchi yetu kwa nyimbo.

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 karibu na Kindu, mashariki mwa Kongo. Alibaki yatima angali kijana, na gitaa likawa riziki yake. Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Baadaye aliingia Matimila, iliyokuja kuitwa Super Matimila. Mwaka 1988 bendi hiyo ilialikwa Ulaya na WOMAD, na mwaka uliofuata ikarekodi albamu ya Songs for the Poor Man katika studio ya Real World, Uingereza. Mtu aliyekuja kutafuta kazi sasa aliipeperusha bendera ya Tanzania ugenini. Hata leo, makondakta wa daladala huita kituo kimoja cha Sinza "kwa Remmy".

Alifika huko kwa kusema yale ambayo wengine waliyanyamazia. Aliimba kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida juu ya umaskini, dharau na kifo. Wimbo wake Mambo kwa Soksi uliwahimiza watu wajikinge na UKIMWI kwa kondomu. Redio ya taifa haikuupiga, lakini watu waliusikia na kuuimba.

Hapo ndipo historia yake inapotugusa sisi wa Rubafu na Kagera yote. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu mwaka 1983. Hapo mwanzo watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Hata katika kuupa jina, tulitazama ng'ambo ya mpaka na kumtafuta mgeni wa kumlaumu. Wakati huo huo tulizika, bibi wakabaki na wajukuu, na nyumba nyingine zikafungwa kabisa. Kwenye mazishi tulisema marehemu aliugua kwa muda mrefu, tukaishia hapo. Mgeni kutoka Kindu akautaja ugonjwa waziwazi. Wachungaji wengi hawakukubaliana naye kuhusu kondomu, na ubishi huo haujaisha. Lakini yeye alisema, na wengi wetu tulinyamaza.

Luther alifundisha kwamba wito wa Mungu hauko madhabahuni tu; fundi viatu na mama anayemlea mtoto nao wana wito. Kwa nini basi tuseme kwamba karama ya Remmy ilitoka kwa Mungu siku alipoanza kuimba Injili, na kabla ya hapo ilitoka kwingine? Wokovu ulimpa Bwana wa kumwimbia. Sauti, na huruma kwa mnyonge, alikuwa amekwisha kupewa.

Wahaya tusisahau kwamba imani yetu ya kiinjili nayo ilivuka mpaka. Wahaya waliokuwa Buganda walirudi na Neno kabla wamisionari wa Bethel hawajafika mwaka 1910. Torati iliwaagiza Waisraeli wampende mgeni, kwa kuwa wao pia walikuwa wageni Misri. Leo kwenye mialo ya ziwa letu wanafika vijana kutoka mikoa mingine na nchi jirani, wakitafuta samaki na kazi. Tunawauliza upesi wametoka wapi na watarudi lini. Ni mara chache tunawauliza Mungu amewapa nini cha kutuletea.