Jeni Moja, Kazi Mbili

Sisi wapenda vitabu tuna tabia moja: tukishapata maandishi, tunaona tumeshapata habari yote. Historia ya bakteria wanaoishi kwa salfa imenipunguzia imani hiyo.

Miaka ya 1880, Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv, alikuwa Strasbourg akimchungulia kwa hadubini bakteria aitwaye Beggiatoa. Alipompa sulfidi hidrojeni, ile gesi inayonuka kama yai viza, chembe za salfa zilijaa mwilini mwake. Alipomnyima, zikapungua mpaka zikaisha. Basi akaelewa: kiumbe huyu anaiunguza salfa apate nguvu, kama sisi tunavyofanya na ugali. Jeni hakuzijua. Alikuwa na macho na subira tu.

Sasa twende chini ya Bahari ya Mediterania, zaidi ya mita 3,000, kwenye bonde la Urania. Huko kuna ziwa ndani ya bahari, yaani maji ya chumvi kali, mazito mno hata hayachanganyiki kirahisi na yaliyo juu yake. Ndani ya ziwa kuna sulfidi tele na oksijeni hakuna. Juu yake oksijeni ipo. Walaji wa salfa wanaishi mpakani. Wengi wa viumbe wa mahali kama hapo hawajafugika maabara, hivyo watafiti huchota maji, wakatoa DNA, wakaisoma. Mlango huo ulifunguka baada ya 1995, jenomu nzima ya bakteria iliposomwa kwa mara ya kwanza.

Mtego upo hapa. Jeni ziitwazo dsr wanazo wengi wanaounguza salfa, na wanazo pia wanaofanya kinyume chake, wanaotengeneza sulfidi. Ni kama neno letu kuazima: aliyetoa kaazima, na aliyepokea naye kaazima. Wataalamu hutofautisha kwa kulinganisha mpangilio wa herufi za jeni, na mara nyingi wanapatia. Lakini Desulfurivibrio alkaliphilus, bakteria wa maziwa ya magadi ya Misri, ana dsr za watengenezaji. Mwaka 2017 watafiti walimfuga, wakamkuta anaiunguza sulfidi.

Jenomu ingemsingizia, kilichomtetea ni kufugwa na kutazamwa, kazi ileile ya Winogradsky. Wale wa bonde la Urania wasiofugika bado hawana wa kuwatetea. Tunachojua juu yao tumekisoma tu, na mie nadhani tukisome kama tusomavyo barua isiyo na jina la mwandishi: kwa hamu, ila tusiape.