Iringa na Mbeya (asili ya majina)

Iringa na Mbeya ni majina ya miji na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini nchini Tanzania. Yote mawili yana asili katika lugha za wenyeji, na yanafanana kimatamshi na maneno ya Kiswahili yasiyohusiana nayo.

Iringa linatokana na neno la Kihehe *lilinga*, maana yake ngome. Umbo la sasa limepoteza l ya mwanzo, na l ya pili imekuwa r. Kichewa kina neno la ukoo huo, *linga*, lenye maana ya boma au ukuta. Ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilikuwa Kalenga, na Wajerumani waliiteka Oktoba 1894. Baadaye walijenga kituo chao cha kijeshi kiasi cha kilomita 15 kutoka hapo, na kituo hicho ndicho kilichokua kuwa mji wa Iringa. Jina hili halina uhusiano na kitenzi *ringa*, yaani kujivuna.

Mbeya huelezwa kuwa limetokana na neno la Kisafwa *ibeya*, yaani chumvi, kwa sababu wafanyabiashara walifika huko kubadilishana mazao yao kwa chumvi. Halihusiani na *mbea*, mtu anayeeneza habari za wengine.

Hivyo jina la kwanza limehifadhi kumbukumbu ya ulinzi, na la pili kumbukumbu ya biashara.