Mtoto na Maswali Yake: Toka Nyumbani Mpaka Darasani

Wengi wanasema kufundisha mtoto kwa kumwachia achunguze ni desturi ya wageni. Sisi walimu wa Bunia hatukubali. Wazee wetu wa Ituri walifundisha shambani na kwenye malisho: mtoto alitazama, aliuliza, alijaribu.

Huko Ubelgiji, daktari Ovide Decroly alifungua shule mwaka 1907 mjini Brussels, mtoto aanze na kutazama vitu vyenyewe. Lakini huku Kongo, chini ya Wabelgiji, watoto wetu walizoezwa zaidi kukariri. Kisha mwaka 1962 programu ya taifa iliweka Kifaransa tangu mwaka wa kwanza. Mtoto akanyamaza. Atauliza namna gani katika lugha asiyoijua?

Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 ilikubali lugha za taifa na za mazingira zifundishie. Ni kweli, tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Lakini swali haliombi pesa. Chupa moja ya maji ya mto Shari inatosha: juu ya nini yanachafuka mvua ikinyesha? Wajibu kwanza kwa Kiswahili, Kifaransa kitafuata.