Dawa za kifafa: Umri wabadili nguvu na madhara yake

KIFAFA ni maradhi ya ubongo, na dawa zake hutumiwa na watu wa rika zote, tangu kichanga hadi kikongwe. Hata hivyo, majaribio yaliyofanywa kwa panya wa maabara yameonesha kuwa dawa ileile yaweza kumtuliza mnyama mzima na kumshinda, au hata kumdhuru, aliyezaliwa juzi.

Mfugaji wa Sanya Juu anajua kuwa ndama hapewi kipimo cha dume. Hupunguza dawa kwa kufuata kilo. Kwa dawa za kifafa, hesabu ya kilo pekee haitoshi.

Fenobabitoni, iliyoanza kutumiwa dhidi ya kifafa mwaka 1912, huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza seli. Kwa panya mzima, GABA hufungua vijilango vya seli, kloraidi ikaingia ndani, seli ikatulia. Kwa panya wa siku chache mambo ni kinyume. Kloraidi imekwisha kujaa ndani ya seli, hivyo kijilango kifunguliwapo hutoka nje, na seli huchangamka badala ya kutulia. Kadiri panya akuavyo, pampu za kuondoa kloraidi hupata nguvu na GABA hugeuka breki. Hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa ya fenobabitoni kushindwa mara nyingi kuzuia degedege la vichanga.

Lipo pia suala la madhara. Mwaka 2002 watafiti wa Berlin walieleza kuwa fenobabitoni, fenitoini, diazepamu na valproeti ziliua seli nyingi za ubongo wa panya wenye umri wa siku 7. Panya si mtoto, lakini tahadhari hiyo haikuja peke yake. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 1990 ulionesha kuwa watoto wa degedege la homa waliopangiwa fenobabitoni walipata katika vipimo vya akili wastani wa alama 8 hivi pungufu ya wenzao.

Wakati mwingine panya hupotosha. Bumetanidi, dawa ya kuongeza mkojo, iliisaidia fenobabitoni kutuliza vitoto vya panya. Ilipojaribiwa Ulaya kwa vichanga 14, haikuonesha manufaa na baadhi yao walipata hitilafu ya kusikia. Jaribio lilikatishwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2015.

Kwa binadamu, umri huendelea kugeuza hesabu. Kichanga huondoa fenobabitoni mwilini polepole. Akishakua kidogo, ini lake hufanya kazi kwa kasi hata akahitaji miligramu nyingi kwa kila kilo kuliko mtu mzima. Valproeti huweza kuharibu ini, na walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka 2. Uzeeni ini na figo hulegea, protini zinazobeba fenitoini katika damu hupungua, na kipimo cha zamani huweza kumfanya mzee ayumbe na kuanguka.

Kwa Siha jambo hili si la maabara tu. Katika Wilaya jirani ya Hai, ambamo Siha ilimegwa, uchunguzi wa mwaka 2009 ulikuta kifafa kwa karibu watoto 3 katika kila 1,000 wa miaka 6 hadi 14, na matatizo wakati wa kuzaliwa yalihusishwa nacho. Wengi wa watoto wa namna hiyo huhitaji dawa mapema, wakati ubongo ungali unajengwa.

Haifai basi mzazi kumgawia mtoto nusu ya kidonge cha babu yake. Wala haifai kuacha dawa kwa kuogopa habari za panya, kwani kukatisha fenobabitoni ghafla huweza kuleta kifafa mfululizo, ambacho huua. Mtoto apimwe uzito kila aendapo kliniki na kipimo kirekebishwe na mganga. Kile alichoandikiwa akiwa na miaka 3 huenda kisimtoshe afikapo darasa la kwanza.