Mswada wa kanisa ukifika Seneti, hurekebishwaje?

Ndugu zetu wa Pwani wanaoishi Ruiru na Thika wameniuliza: mswada ulioandikwa na kanisa ukifika Seneti, Waislamu wanaweza kuugusa? Wanaweza. Lakini kanisa halipeleki mswada, wala msikiti. Kifungu cha 109 cha Katiba chasema mswada huletwa na mbunge au kamati. Maaskofu wanaweza kuandika rasimu na kumkabidhi seneta; kuanzia hapo ni mswada wa Bunge.

Mswada wa mashirika ya dini wa 2024 uliletwa na Danson Mungatana, seneta wetu wa Tana River, baada ya msiba wa Shakahola. Makanisa mengi yaliupinga, na misikiti nayo ilikuwa ndani yake.

Mswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwa kamati, na kamati lazima isikilize wananchi, kifungu cha 118. Hapa ndipo pa kufanya kazi. Andika waraka: taja nambari ya kifungu, maneno unayotaka yaondolewe, maneno ya kuweka mahali pake, na sababu. Malalamiko matupu hayarekebishi kitu. Masheikh wetu wengi hungoja mpaka tarehe ipite, kisha wakaunguruma kwenye mimbari siku ya Ijumaa.

Baada ya kusomwa mara ya pili, maseneta hukaa kama kamati ya Seneti nzima na kupitia mswada kifungu kwa kifungu. Seneta anayetaka kubadili neno huwa ameshampa karani wa Seneti taarifa ya maandishi mapema, na badiliko lisitoke nje ya mada ya mswada.

Mswada unaogusa kaunti hupigiwa kura kwa kaunti, kila moja kura moja, na zinahitajika 24 kati ya 47. Kiambu, yenye watu zaidi ya milioni 2.4 kwa sensa ya 2019, ina kura sawa na Lamu, ambayo haikufika laki moja na nusu. Basi wewe uliyejiandikisha kupiga kura Ruiru, usimsumbue seneta wa Mombasa. Wako ni wa Kiambu.

Ukipita, mswada huenda Bunge la Kitaifa, ambako Thika na Ruiru kila moja ina mbunge wake. Wakiubadilisha, hurudi Seneti. Seneti ikikataa mabadiliko hayo, huundwa kamati ya upatanishi yenye wajumbe sawa kutoka pande zote mbili, nayo hupewa siku 30. Wasipoafikiana, mswada umekufa.