Injini Mpya kwa Ndege Kuukuu: DC-8 ya NASA katika Utafiti wa Angahewa, 1985–2024

Historia ya utafiti wa ozoni kwa kawaida huandikwa kama historia ya vipimo na nadharia za kemia. Ndege iliyobeba vipimo hivyo hutajwa kwa sentensi moja, kana kwamba ilikuwapo tu. Mfano wa DC-8 ya NASA unaonesha kuwa mtazamo huo huacha nje sehemu muhimu ya maelezo.

Ndege hiyo ilitanguliwa na ajali. Aprili 1973, Convair 990 iliyoitwa Galileo iligongana na ndege ya Jeshi la Majini la Marekani huko Moffett Field, California, na watu 16 wakafariki. Iliyoirithi, Galileo II, iliteketea kwa moto Julai 1985 baada ya matairi kupasuka ikijiandaa kupaa. Safari hii wote waliokuwamo waliokoka. NASA ikapoteza maabara yake kubwa ya angani mwaka uleule ambao Farman, Gardiner na Shanklin wa Uingereza walichapisha ushahidi wa kupungua kwa ozoni juu ya Antaktika.

Ndege iliyonunuliwa haikuwa mpya. Iliundwa mwaka 1969, ikabeba abiria wa Alitalia na baadaye wa Braniff. Mwaka 1986 injini zake nne zilibadilishwa, zikafungwa za CFM56 zenye kutumia mafuta kidogo zaidi. Bodi lake lilitobolewa ili kupitisha mirija ya kuvuta hewa na miale ya leza. Iliweza kukaa angani takribani saa 12, na wanasayansi waliokuwamo waliweza kurekebisha vifaa vyao wakiwa safarini.

Manufaa ya kazi hiyo ya mafundi yalidhihirika Punta Arenas, Chile, Agosti na Septemba 1987. ER-2, yenye rubani mmoja tu, ilipanda takribani kilometa 18 na kupima hewa ya huko. Ikaonesha kuwa klorini monoksaidi ilipopanda, ozoni ilishuka. Simulizi nyingi huishia hapo. Hata hivyo, DC-8, iliyoruka chini zaidi lakini mbali zaidi, ilielekeza leza juu na kuchora mtawanyiko wa ozoni na mawingu ya stratosfia ndani ya bara lile. Bila picha hiyo pana, vipimo vya ER-2 vingebaki vya njia moja nyembamba.

Haifai, hata hivyo, kudai kuwa misafara hiyo ilizaa Itifaki ya Montreal. Itifaki ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, ndege zikiwa bado Chile. Athari yake hutafutwa kwa usahihi zaidi katika marekebisho ya London ya 1990.

Mwaka 1992 DC-8 ilifuatilia moshi wa mioto ya Brazili na kusini mwa Afrika juu ya Atlantiki. Mei 2024 ilitua Pocatello, Idaho, ikakabidhiwa chuo kikuu kinachofundisha mafundi wa ndege. Boeing 777 iliyotayarishwa kuirithi nayo ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, kutoka Japan Airlines, na ikahitaji kutobolewa upya.