Sanamu ya Askari, Dar es Salaam

Msafiri apitaye katikati ya Dar es Salaam huikuta, kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora, sanamu ya shaba ya askari Mwafrika mwenye bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini. Ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Kabla yake mji huo ulikuwa na askari mwingine wa shaba. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha sanamu ya gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann. Gavana alikuwa juu. Chini yake askari Mwafrika alimwinulia macho, huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliing'oa wakaipeleka London. Mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968.

Askari wa 1927 hana bwana wa kumtazama, na hapo ndipo ulipo uzuri wake. Hata hivyo, wapagazi waliobeba vyakula na risasi, wakafa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa maradhi, wametajwa tu katika maandishi yaliyo chini yake. Atakaye kumwona mpagazi hana budi kufika Nairobi, Barabara ya Kenyatta, ambako amesimama bega kwa bega na askari wawili. Dar es Salaam wamebaki katika jina la soko: Kariakoo ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi chao.